Nimecheka na The Office ya Marekani, ya Uingereza imenitia aibu. Tatizo ni mimi?

MtotoWaMakorora:

Wakuu, habari za jioni. Kawaida mimi ni mtu wa jukwaa la mpira, leo nimeruka uzio, mnivumilie.

Mwaka jana tulipata mtoto wa kwanza. Mtoto halali, sisi hatulali, ikabidi tutafute cha kuangalia usiku wa manane. Tukaanza The Office ya Marekani, ile komedi ya ofisi ya wauza karatasi. Misimu tisa, sehemu 201, tuliimaliza mtoto hajafikisha hata meno manne. Yule bosi wao, Michael Scott, akawa kama shemeji yetu: mjinga, lakini mjinga wetu. Siku anaondoka Scranton kwenda Colorado na mchumba wake, mke wangu alilia, akasingizia uchovu.

Sasa shemeji yangu wa kweli, aliyesoma Uingereza mwaka mmoja tu lakini kila sentensi yake lazima ipitie Heathrow, akasikia. Akasema hiyo ni nakala, ya asili ni ya Waingereza, 2001 hadi 2003, na ndiyo ya watu wenye akili. Akanipa flashi. Sehemu 12 na mbili za Krismasi, basi. Nikajua hii naimaliza wikiendi moja.

Wakuu, leo wiki ya tatu na sijamaliza. Si kwamba haichekeshi. Ni kwamba yule bosi, David Brent, akianza tu kuongea mbele ya wafanyakazi, nasimamisha. Nakwenda jikoni, nakunywa maji, narudi, naangalia nusu dakika, nasimamisha tena. Kuna siku wanachangisha pesa za hisani, kavaa mavazi ya mbuni, yaani kama yeye ndiye kampanda ndege, na vimiguu vya bandia vinaning'inia pembeni. Hapo hapo, akiwa ndani ya mbuni, anaambiwa kazi hana. Nikafunika laptopu. Mke wangu akaniuliza, "Kwani umefumaniwa?"

Shemeji anasema sina akili ya kuielewa. Naombeni maelezo: kwa nini ofisi ni ile ile, karatasi wanazouza ni zile zile, moja inanikumbatia na nyingine inanivua nguo? Matusi msiniwekee, ninayo ya kutosha kutoka kwa shemeji.

BabaLao_Kigamboni:

Mkuu, tatizo ni shemeji. Uzi ufungwe.

Bi_Mlezi:

Hamjambo humu. Mimi ni mtu wa Mombasa, Majengo, lakini tangu 2004 nalea wazee wa watu: miaka minane Reading, Uingereza, kisha Columbus, Ohio, na ndiko niliko. Kwa hivyo digrii yangu ya komedi nimeisomea kwenye kiti cha plastiki, kijiko mkononi, mbele ya televisheni isiyozimwa.

Mwanangu wa Makorora, jibu umelitoa mwenyewe kwenye kichwa cha uzi ila hukujisikia. Umesema aibu. Hiyo si ajali ya kipindi, ndiyo bidhaa yenyewe. Ukinyanyuka kwenda kunywa maji, ujue umeshauziwa na risiti umepewa.

Nikueleze kwa mzee mmoja wa kule Reading. Alikuwa dereva wa basi maisha yake yote. Nilipomkuta akili ilikuwa imeanza kumtoka. Binti yake akija Jumapili, alimwita kwa jina la marehemu mkewe. Lakini kipindi kimoja hakikumtoka, Only Fools and Horses. Kile cha ndugu wawili wa Peckham, kusini mwa London, wanaouza mali isiyo na risiti na kutembea na kigari cha manjano cha magurudumu matatu. Mkubwa ni Del Boy, na kila akifungua kinywa, mwakani wakati kama huu watakuwa mamilionea. Kilianza 1981. Nilipofika mimi kilikuwa kikirudiwa na kurudiwa kama kasida, kila mtu anakijua mstari kwa mstari.

Kuna sehemu ya 1989, Del amejitia mtu wa mabenki. Koti refu, sauti ya kujivuta, yuko kwenye baa ya mvinyo na rafiki yake Trigger, anawatupia macho wasichana. Ameegemea kaunta. Anajitenga kidogo, na mhudumu ananyanyua kile kibao cha kaunta apite. Del haoni. Anarudi kuegemea na uso wa mtu aliyekwisha kufaulu, na kaunta haipo. Anakwenda ubavu mzima, kama mnazi uliokatwa, hata goti halikunji.

Sasa niacheni na Del, mtazameni mzee wangu. Del hajaanguka bado. Kibao ndiyo kwanza kinanyanyuliwa, na mzee kijiko kimemsimama, supu inadondoka kwenye kitambaa cha kifuani, mabega yanatikisika. Jina la mwanawe hana, lakini anajua kile kibao hakirudi chini. Del anaanguka, mzee anacheka kidogo. Kisha Del anainuka, anaweka koti sawa, anamwambia mwenzake amalize kinywaji waondoke, na hapo ndipo mzee anapocheka mpaka machozi. Pale pa kuweka koti sawa.

Kuanguka nilikuelewa, kuanguka hata mtoto anacheka. Koti lilinichukua muda. Nililielewa siku nilipoletewa Hyacinth.

Huyu ni wa Keeping Up Appearances, 1990 hadi 1995. Jina lake la ndoa ni Bucket, yaani ndoo, na yeye anashurutisha ulimwengu mzima ulitamke Bouquet, kama shada la maua. Wallahi mama huyu ni wa Majengo. Ni yule shangazi ambaye mgeni akibisha hodi mbele, mtoto anatolewa mlango wa nyuma akaazime sukari, na vikombe vya harusi vinashushwa kabatini. Jirani yake, Elizabeth, ni mtu mzima mwenye akili zake, lakini akikaribishwa kahawa kwa Hyacinth mikono inamtetemeka mpaka kikombe kinagongana na kisahani, kwa kuogopa kukivunja. Na Hyacinth ana dada zake wanaokaa nyumba za serikali, na shemeji, Onslow, mtu wa fulana na bia, mwenye gari bovu linalolipuka kila likisimama. Hyacinth husikia ule mlipuko kabla hajaliona gari. Mtazame uso wake hapo tu, huna haja ya Kiingereza.

Sisi tunasema kujisitiri. Hawa watu komedi yao ni mtu anayehangaika kujisitiri kwa shuka fupi: akivuta juu, miguu inatoka.

Nikahamia Ohio. Huku bibi zangu jioni ni The Golden Girls, wanawake wanne watu wazima katika nyumba moja Miami, 1985 hadi 1992. Nikadhani nitakiona kicheko kile kile. Hasha. Bibi zangu huku hawamcheki mtu, wanaitikia. Dorothy akimjibu mamake, Sophia, kuna mmoja hapa anapiga paja, "Mwambie!" Mambo yakiharibika, wale wanne wanakaa jikoni usiku na keki ya jibini, na hapo bibi zangu nao wanadai kitu kitamu, mmoja sukari imempanda, kazi ni yangu. Mzee wa Reading alikuwa akimchungulia Del dirishani. Hawa wamo ndani, wamevuta viti.

Halafu kuna kisa kilichonichekesha mwenyewe nilipokijua. Mnakijua Fawlty Towers? John Cleese na Connie Booth waliandika sehemu 12 tu, sita za 1975 na sita za 1979, za mwenye hoteli mji wa Torquay anayewachukia wageni wake. Basil. Ndiye yule ambaye gari linamzimikia na chakula cha wageni kiko ndani, naye analigombeza, analihesabia, analiambia lilishaonywa, anakimbia, anarudi na tawi la mti na kulichapa. (Mjomba wangu alikuwa akifanya hivyo hivyo na Peugeot 404, ila kwa kandambili.) Basi Wamarekani waliitamani hiyo hoteli. Mwaka 1978 walitengeneza sehemu ya majaribio, na aliyecheza mke wa mwenye hoteli ni Betty White. Mwaka 1983 wakajaribu tena, Amanda's, na mwenye hoteli ni Bea Arthur. Wawili kati ya wanne wangu wa jikoni! Zote hazikufika popote. Cleese amesimulia mara nyingi kwamba aliwauliza wale watu wa hiyo hoteli ya Bea Arthur wamebadilisha nini, wakamwambia jambo moja tu, wamemtoa Basil.

Ni kama mtu akwambie pilau lake ni lile lile la kwako, ameacha kitu kimoja tu, mchele.

Zamu imefika. Nitarudi.

fundi_wa_kukata:

Bi Mlezi, shikamoo, umenena. Mimi kazi yangu ni kuhariri video hapa Dar, matangazo na michezo ya kuigiza. Niongeze hesabu, maana aibu nayo ina bajeti.

Uingereza msimu wa komedi kwa kawaida ni sehemu sita. Anaandika mtu mmoja au wawili. The Office waliiandika na kuiongoza Ricky Gervais na Stephen Merchant wenyewe, wakamaliza, wakafunga duka. BBC inaishi kwa ada ya leseni, haitegemei matangazo. Marekani kwenye vituo vikubwa msimu ulikuwa sehemu 22 au 24, chumba kizima cha waandishi, na ndoto ya mwenye mali ni kufika sehemu kama 100, kwa sababu hapo vituo vya mikoani vinanunua vya kurudia kila siku jioni. Pesa yenyewe iko kwenye marudio. Ile televisheni ya bibi zako wa Ohio ndiyo duka.

Sasa, nani atakaa na David Brent sehemu 100? Mkuu wa Makorora ameshindwa 12. Wamarekani walijaribu kumleta alivyo. Msimu wa kwanza, 2005, ni sehemu sita, ya kwanza karibu ni nakala tupu ya Uingereza, Michael Scott nywele zimelazwa nyuma kwa mafuta na roho imekauka kama ya Brent. Watu hawakushika. Msimu wa pili mtengenezaji wake, Greg Daniels, na waandishi wake wakamgeuza: nywele zikaachiwa, na tukaonyeshwa kwamba kwenye kuuza karatasi jamaa ni fundi kweli kweli. Hicho kitu kidogo ndicho kilichomwokoa. Kumbe kile kiti alikipata kwa haki. Ukishajua hivyo unaweza kumsamehe miaka.

La pili ni dakika. Nusu saa ya BBC haina matangazo, unapata karibu dakika 29. Nusu saa ya vituo vya Marekani, ukitoa matangazo, zinabaki kama 22. Hizo saba Mwingereza anazitumia wapi? Kwenye ukimya.

Mwezi uliopita nilikuwa na kipande mezani: baba anamdanganya mkwewe kwamba gari liko gereji, mkwe anamwangalia tu. Kwenye picha za awali mkwe alikaa kimya sekunde nne. Mteja akataka kipande kifupi, nikaushusha ukimya hadi sekunde moja na nusu. Ikawa mtu kasema uongo, basi, twende mbele. Nikazirudisha zote nne nikamwita mteja aangalie. Kwenye sekunde ya tatu akaanza kujikuna shingo. Wakuu, hizo ndizo zinazompeleka mwenzetu jikoni kunywa maji.

Na atakayesema tofauti ni vile vicheko vya nyuma, amekosea. Fawlty Towers na Only Fools vyote vina vicheko vya watazamaji studio, na The Office zote mbili hazina. Ila kuna M*A*S*H, ile ya madaktari wa jeshi la Marekani kwenye vita vya Korea, 1972 hadi 1983. Kituo cha CBS kikalazimisha vicheko, watengenezaji hawakutaka, wakapatana kwamba angalau kwenye chumba cha upasuaji asicheke mtu. BBC ilipokirusha ikavitoa vyote. Picha zile zile, maneno yale yale, lakini mtu wa Manchester na mtu wa Chicago hawakuangalia kipindi kimoja.

Waingereza nao wasijisifu. Mwaka 1993 ITV ya kwao iliichukua hiyo hiyo The Golden Girls, ikaipeleka ufukweni, ikaiita Brighton Belles. Wiki chache tu ikaondolewa hewani.

Mzee_wa_Antena:

Nyinyi watoto mnaongea ni kama Waingereza wote ni maprofesa. Mimi ni mtu wa Eastlands, Nairobi. Miaka ya themanini mtaani kwetu televisheni ilikuwa moja, ya jirani, ya mbao na miguu minne, antena tumeiongezea kifuniko cha sufuria. Na tulichokuwa tukikimbilia kilikuwa Mind Your Language. Mwalimu mmoja mpole, Mr Brown, anafundisha wageni Kiingereza jioni huko London. Mpakistani na Singasinga wanatupiana maneno, Mfaransa anamtongoza mwalimu, Mhispania kila swali anajibu kwa Kihispania. Akili iko wapi hapo? Mzaha wote ni matamshi. Mwaka 1979 mkuu wa vipindi kule, Michael Grade, aliifuta kwa kuona inadhalilisha watu wa mataifa. Na sisi tuliokuwa tunachekwa matamshi tulikuwa tunaanguka kwenye zulia la jirani. Kiingereza changu kingi nilikitoa kwa Mr Brown, na bado natamka kama wanafunzi wake.

Wamarekani waliichukua na hiyo, 1986, What a Country!, darasa la wahamiaji wanaotafuta uraia. Msimu mmoja, kwaheri.

Kwa hivyo mwambie shemeji Waingereza wana za akili na wana za kutegua watu kwa maganda ya ndizi. Mr. Bean hata hasemi na ndiye dunia nzima inamjua.

Kitu kingine. Nyinyi Watanzania hii ya Uingereza mngeielewa kuliko wote kwa sababu mna utani. Nilihudhuria msiba Tanga, mtani akaingia kaburini akalala chali, ati hatoki mpaka alipwe. Nikadhani ni mwendawazimu, nikataka kuita watu. Mwenye msiba analia na anacheka, anatafuta noti. Kijana wangu alifanya kazi Leeds, aliniambia mwezi wa kwanza wenzake walikuwa na adabu sana naye, akajua hawampendi. Walipoanza kumtukana kuhusu viatu vyake, akajua amepata kazi.

nyuki_mkali:

Bi Mlezi, kwa heshima zote, na Seinfeld tunaiweka wapi? 1989 hadi 1998, sehemu 180, New York tupu. Sheria ya waandishi wake ilikuwa hakuna kukumbatiana, hakuna kujifunza. Sehemu ya mwisho wale marafiki wote wanne wanafungwa mwaka mmoja kwa kusimama wakimcheka mtu anayeporwa gari. Hakuna keki ya jibini hapo. Na Uingereza kuna The Vicar of Dibley, kijiji kizima wanapendana mpaka unasikia kichefuchefu. Nadharia yako ina tundu, tena si la sindano.

Na hesabu za fundi nazo: Seinfeld ilifika 180 na watu wabaya wanne. Kwa hiyo si lazima uwe mwema ili ukae sana.

Bi_Mlezi:

Nimetoka zamu. Nyuki, umeuma penyewe. Dibley nakuachia, sina la kusema, nilikuwa nikiipenda. Na kwa wema umenishinda, nimeuongeza mimi chumvi. Lakini aibu siiachii.

Chukua yule George wa Seinfeld. Kuna sehemu ya 1994 amemdanganya mwanamke kwamba yeye ni mtaalamu wa viumbe wa baharini. Wako ufukweni wanatembea, kuna nyangumi anakufa, watu wanapiga kelele wanamtaka mtaalamu. Mwanamke anamwangalia. Mwingereza angesimama hapo hapo na zile sekunde nne za fundi, mpaka wewe wa Makorora umalize mtungi wa maji. Wao wanafanyaje? Wanakata. Tunamkuta George mkahawani na wenzake, anawahadithia alivyoingia baharini. Na anahadithia vipi! Kama mvuvi mzee aliyerudi na papa. Kisha anatoa mpira wa gofu uliokuwa umemziba nyangumi pumzi, na mwenzao Kramer anatambua ni wake. Mwanamke keshamfukuza, uongo umefichuka, na hiyo kwake imekuwa hadithi bora kuliko zote.

Aibu yake imepata meza ya kuhadithiwa. Wale wanne ni wabaya, sawa, lakini kila siku wana ile meza. Basil hana mtu wa kumhadithia. Mkewe, Sybil, ndiye wa kwanza asiyetakiwa kujua. Brent anahadithia kamera ya wanaowarekodi ofisini, na kamera haimjibu. Hyacinth ana Richard, maskini, mume ambaye kazi yake ni kusema ndiyo. Del peke yake ana nduguye Rodney, na labda ndiyo sababu mzee wangu alimpenda kuliko hao wengine.

Na Del mwenyewe walimtajirisha, mwanangu. Krismasi ya 1996 walipata saa ya zamani iliyokuwa imetupwa gerejini miaka, ikauzwa mnadani mamilioni, wakawa mamilionea kweli. Watu zaidi ya milioni 24 waliangalia usiku ule. Mngewaacha hapo, si ndiyo? Mwaka 2001 wakawarudisha, wamefilisika, wako Peckham tena. Mzee wangu ile ya utajiri alikuwa akiiangalia kimya kabisa. Hakuicheka. Mwisho wanaondoka watatu, wamegeuza migongo, na yeye hapo aliuliza, kila mara, "Wanakwenda wapi?"

Alifariki 2009. Binti yake alinipa DVD zake zote za kile kipindi, sanduku zima. Nimezibeba mpaka Ohio na mashine za huku hazizisomi, ati zimefungwa zisome za Ulaya tu. Ziko kabatini na shuka.

Makorora, usiishie pale pa mbuni. Kumetiwa shubiri makusudi. Vuka sehemu inayofuata, anapowaomba wakubwa wake wasimfukuze, shika mkono wa mkeo ukiona vibaya, kisha angalia zile mbili za Krismasi. Sikwambii kitu.

BabaLao_Kigamboni:

Uzi ufunguliwe. Nimeanza Fawlty Towers leo asubuhi kazini. Bosi ameniuliza nacheka nini, nikamwambia ripoti.

MtotoWaMakorora:

Wakuu nimerudi. Asanteni sana, Bi Mlezi shikamoo tena.

Tumemaliza jana usiku, mtoto mapajani. Pale anapoomba asifukuzwe sikusimamisha, nilitaka, mke wangu akaificha laptopu upande wake. Anaomba kwa sauti ndogo, hajui aweke wapi mikono. Hakuna muziki, hakuna kitu. Fundi, nilihesabu sekunde, niliishia tano.

Kisha zile za Krismasi. Kwa ambao hawajaona sitaharibu yote, ila kuna dakika moja karibu na mwisho yule Brent anawaomba wenzake wa zamani wapige naye picha, anasema upuuzi fulani, na wanacheka. Wanacheka kweli, kwa mara ya kwanza. Sehemu 14 kwa ajili ya hicho kicheko kimoja. Mke wangu akageuka kuniangalia kama mtu aliyeona bao la dakika ya tisini. Na yule dada wa mapokezi ndani ya teksi, anafungua zawadi... basi, naacha.

Ikaisha. Akauliza iliyobaki iko wapi. Nikamwambia hakuna, wamefunga duka. Akakaa kimya, akasema, "Hawa watu wana roho mbaya," akaniambia nirudishe ile ya teksi aione tena.

Shemeji amepiga leo anataka flashi yake. Nimemwambia sijaielewa bado, anipe wiki mbili.